Waya Mmoja wa Zamani

"Usiiguse," Odile Desrosiers alisema. "Nani mwingine ameigusa tangu jana?"

"Mimi tu," Aili Rautio alijibu. "Niliiwasha, ikanuka, nikaizima. Nikaiwasha tena, nikaizima tena. Halafu nikakaa kwenye kiti kile pale nikalia. Na hilo uliandike."

Odile hakuliandika. Alivua glavu, akazisukuma mfukoni, akaizunguka meza taratibu kama mtu anayekagua gari la mitumba. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumatano, na theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha dogo la chumba hiki kilicho chini ya ukumbi wa wachimba migodi wa Vermette. Mezani palikuwa na kompyuta kubwa ya kijivu, mashine ya kuchapishia, na sahani ya mkate mtamu wa iliki ambao hakuna aliyeugusa.

Odile alikuwa amekaa miaka ishirini na sita katika polisi ya mkoa. Tisa ya mwisho aliitumia ndani ya chumba kisicho na dirisha, akifungua kompyuta za washukiwa. Alistaafu na goti bovu na mkoba wa vifaa, na sasa alifanya kazi kwa yeyote aliyempigia simu. Aili alimpigia saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa katibu wa chama cha wajane wa Shimo Namba Saba, mwanamke mrefu wa miaka sabini na mbili, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na ofisi zisizomsikiliza.

"Nieleze tangu mwanzo," Odile alisema. "Kilichomo humu ni nini?"

"Wanaume arobaini na mmoja waliokufa kwa vumbi la mgodi. Kadi zao za zamu, picha za vifua vyao, fomu za vipimo vya vumbi. Miaka kumi na moja tumezikusanya, moja moja, nyingine kutoka kwenye masanduku ya viatu. Kesho saa tatu asubuhi baraza la fidia linatusikiliza."

"Karatasi zenyewe?"

"Aprili bomba lilipasuka humu humu. Zikawa uji. Tukasema si neno, zote zimo kwenye kompyuta. Tena mara mbili. Kuna diski mbili, kila kinachoingia kwenye moja kinaingia kwenye nyingine."

"Diski ya pili iko wapi?"

"Humo humo."

"Ndani ya boksi hili?"

"Fernand alisema moja ikifa, nyingine itabaki."

Odile alishusha pumzi kupitia puani. "Wakili wenu hana nakala?"

"Ana muhtasari. Ni wakili wa bure, ana kesi sitini. Jana ndiyo nilipanga kumnakilia kila kitu." Aili alitazama ukuta. "Kampuni inasema fomu zake ilizichoma kwa utaratibu. Kwa utaratibu! Kwa hiyo zilizobaki duniani ni zetu."

"Na Fernand ni nani?"

"Fernand Quesnel. Fundi umeme wa mgodi, amestaafu. Ndiye mkono wetu wa kulia. Kompyuta ilianza kujizima yenyewe wiki mbili zilizopita, akasema pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, imechoka, akanunua mpya kwa Lorne Haapala, akaifunga Jumatatu mchana."

Odile alivuta kiti. "Jumatatu, baada ya kuifunga, iliwaka?"

"Vizuri kabisa. Nilichapisha orodha ya majina jioni ile. Ile pale ukutani."

"Hukuchapisha fomu zenyewe?"

"Kurasa elfu nne, kwa mashine ile?"

"Jana?"

"Jana asubuhi umeme ulikatika mji mzima, dakika ishirini. Uliporudi nikaja nikaiwasha. Ikatoa harufu kama kikaango cha plastiki. Kioo kikaandika hakuna diski." Aili alikunja mikono. "Ama ni umeme uliorudi kwa fujo, ama Haapala ametuuzia takataka. Nimempigia nikamwambia hivyo. Nilimwambia na mengine."

Odile alianza na ukuta. Alichomeka mita yake kwenye soketi: volti mia na kumi na tisa, kama inavyotakiwa huku. Kizuizi cha umeme wa ghafla, sakafuni, bado kilikuwa na taa yake ya kijani. Akawasha mashine ya kuchapishia, ikanguruma. Akafungua friji ndogo pembeni, ikamwangazia maziwa.

"Umeme ungerudi kwa fujo, friji hii ingekufa kwanza," alisema. "Haina kinga. Ni nzima. Tuachane na umeme wa mji."

Alichomoa kompyuta, akafungua skrubu mbili za nyuma, akautoa ubavu wa chuma. Hakuingiza mkono. Alimulika tochi na kupiga picha kumi na mbili kabla ya kugusa chochote. Alikuwa bado ameinama pale mlango wa juu uliposukumwa na viatu vizito vikateremka ngazi.

Lorne Haapala aliingia na koti lake la duka, uso mwekundu kwa baridi na kwa hasira.

"Yuko wapi huyo mama aliyeniita mwuza majeneza?"

"Nipo hapa," Aili alisema. "Na sijamaliza."

"Aili, nimeuza hizo pawasaplai thelathini na nne mwaka huu. Thelathini na nne! Hakuna hata moja iliyorudi."

"Basi hii ndiyo ya kwanza kurudi."

"Bwana Haapala," Odile alimkatiza, "nisaidie kitu kimoja. Una klipu ya karatasi?"

Lorne alimtazama, kisha akatazama kompyuta, na hasira ikapungua kidogo. Aliijua kazi ile. Akatoa klipu kwenye karatasi za mfukoni, akainyoosha kwa meno.

Odile alichomoa kila waya uliotoka kwenye pawasaplai kwenda ndani, akauacha ule mmoja mpana wa bodi kuu ukining'inia hewani. Akaunganisha tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi kwa ile klipu. Bila hila hiyo pawasaplai haiwaki ikiwa peke yake, kwa sababu husubiri amri ya bodi. Akawasha swichi ya nyuma. Feni ikazunguka.

"Soma," alimwambia Lorne, akishika ncha za mita.

"Kumi na mbili nukta sifuri nne," Lorne alisoma. "Tano nukta sifuri mbili. Tatu nukta tatu moja." Akamgeukia Aili. "Umesikia? Hiyo ni nzima kuliko mimi."

"Sijui namba zenu."

"Anasema kweli," Odile alisema. "Pawasaplai haina kosa. Na bodi kuu ilikuwa hai, maana ilikuandikia kwamba haioni diski. Kilichokufa ni diski tu. Zote mbili. Kwa hiyo tunatafuta kitu kinachogusa diski na hakigusi kingine."

Aliinua waya uliokuwa ukizilisha diski. Upande mmoja ulikuwa na plagi bapa mbili, moja kwa kila diski. Upande wa pili plagi yenye matundu sita, akaichomeka tena kwenye pawasaplai. Akaweka ncha ya mita kwenye plagi bapa, mahali panapotakiwa kutoa volti tano.

"Soma."

Lorne alisoma. Akainama akasoma tena. "Kumi na mbili."

"Kumi na mbili kwenye njia ya tano," Odile alisema. "Diski haiwezi kustahimili hata sekunde moja."

"Sasa huo ni waya gani?" Lorne aliuchomoa kwenye pawasaplai, akaugeuza. "Huu si wangu. Tazama hapa, herufi za kampuni nyingine. Huu umetoka kwenye ile pawasaplai ya zamani." Akamwonyesha Aili, sasa bila ugomvi. "Mama, sikiliza. Plagi hizi makampuni yote huzifanya umbo moja, zinaingia vizuri kabisa. Lakini kila kampuni inapanga umeme wake kivyake humo ndani. Waya wa huyu ukimpa yule, unaua. Kila anayenunua kwangu namwambia. Namwambia kwa mdomo na nimebandika karatasi juu ya boksi."

"Ulimwambia Fernand?"

"Fernand! Ndiye aliyeniambia mimi. Miaka mingi nyuma, nilipofungua duka."

Odile aliinua kichwa. "Rudia hilo."

Lorne alirudia, polepole zaidi. Mwishoni sauti yake ilikuwa imepungua, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe.

Boksi la pawasaplai mpya lilikuwa chini ya meza. Odile alilimwaga. Mfuko wa nyaya ulikuwa umefunguliwa. Ndani mlikuwa na nyaya mbili za diski. Mmoja ulikuwa bado umekunjwa kiwandani, kamba yake ya plastiki haijakatwa. Wa pili ulikuwa umekunjwa kwa mkono, na palikuwa na mikunjo miwili mikali katikati yake. Aliuchukua, akaulaza ndani ya kompyuta kufuata njia ya waya. Mkunjo wa kwanza ukaangukia kona ya chuma. Wa pili ukaangukia pale diski zilipokaa.

"Huu ulifungwa humu," alisema. "Ukakaa umebanwa, kisha ukatolewa. Tazama na hizi kamba za kubania. Nyaya nyingine zote mpya zimebanwa pamoja, kazi safi. Ule wa zamani umepita nje ya kamba. Jumatatu fundi alifunga kila kitu sawasawa. Ndiyo maana ulichapisha majina. Baada ya hapo kuna mtu alirudi akabadilisha waya mmoja tu."

Aili alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nani ana ufunguo wa chumba hiki?"

"Nilikuwa nataka kukuuliza wewe."

"Mimi," Aili alisema. Akaachia ukingo wa meza. "Na Fernand."

Lorne alivaa kofia yake. "Mimi naona niende," alisema. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kudai aombwe radhi, akamwona Aili usoni, akapanda ngazi.

"Jumatatu jioni," Odile aliuliza, "mliongea nini hapa?"

"Mambo ya kesho. Wakili alipiga simu, nikaiweka simu kwenye spika ili Fernand naye asikie, alikuwa anakusanya bisibisi zake. Kila fomu ya vumbi ina sahihi ya mpimaji, lakini siyo jina, ni namba tu. Namba kumi na nne. Karibu zote ni kumi na nne. Wakili alisema tutaziweka kwenye kioo mbele ya baraza, na kampuni italazimishwa kufungua daftari la waajiriwa na kumtaja." Aliketi. "Fernand alinitakia usiku mwema, akaenda zake."

"Mpigie. Mwambie nimekwama, nahitaji mikono ya fundi. Usimwambie zaidi."

Fernand Quesnel alifika baada ya robo saa. Alikuwa mzee mnene wa mabega, kucha safi, nywele zimechanwa kwa maji. Alimbusu Aili mashavu yote mawili.

"Masikini, pole," alisema. "Na huyu ndiye afande?"

"Nimestaafu," Odile alisema.

"Sote tumestaafu, dada, na bado tunaitwa." Alichungulia ndani ya kompyuta. "Ni hizi diski?"

"Zimekufa. Jumatatu ulitumia waya gani?"

"Sikumbuki vizuri. Waya ni waya. Nadhani ule wa diski niliuacha wa zamani, ulikuwa umeshakaa mahali pake. Kwa nini, ndiyo kosa lenyewe?" Alijipiga kipaji cha uso. "Mungu wangu, Aili, kama ni mimi!"

"Jana ulifika hapa?"

"Jana? Hapana. Jana nilikuwa nyumbani na mgongo wangu."

Odile aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameridhika. Alitoa mkobani diski mbili chakavu, akaziweka mezani. Kando ya diski hizo akatupa nyaya tatu kwa fujo, mbili mpya na ule wa zamani juu kabisa. Zote nyeusi, zote za urefu mmoja.

"Nataka kuona kama bodi itaziona hizi. Nifungie, tafadhali. Macho yangu hayafai tena humo ndani."

Fernand alipinda mikono ya sweta. Alichukua waya wa juu. Huku akiendelea kumweleza Aili kuhusu mgongo wake na daktari wa Sudbury asiyejua kitu, aliigeuza plagi, kidole gumba kikapapasa herufi ndogo zilizochongwa ubavuni. Akaweka waya ule kando. Akachukua wa pili, akapapasa, akauchomeka kwenye pawasaplai, ukalia *tak*.

Alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimaliza.

Mkono wake ulibaki ndani ya kompyuta. Odile aliuchukua ule waya uliowekwa kando, akaulaza mbele ya Aili.

"Mtu anayesema waya ni waya," alisema, "hapapasi herufi."

"Ni mazoea tu," Fernand alisema.

"Najua ni mazoea. Ungekuwa nayo na Jumatatu. Na ulikuwa nayo. Jumatatu ulifunga vizuri."

"Fernand," Aili alisema. "Nitazame."

Hakumtazama. Alitoa mkono, akaufuta kwa suruali ingawa haukuwa na uchafu.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," alisema. "Ofisi ya usalama ilinipa chombo cha kupimia na daftari. Siku ya kwanza nikaenda kule wanakochoronga mwamba, nikapima, nikamletea mkubwa wangu. Akaniambia, kijana, umepima pabaya. Pima kwenye mlango wa hewa. Pale upepo unapoingia kutoka juu. Nikapima pale. Miaka saba."

"Mlango wa hewa," Aili alirudia. "Pale hakuna hata mtu mmoja anayefanya kazi."

"Najua."

"Namba kumi na nne."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na moja umekaa nami meza hii. Umenisaidia kuziingiza hizo fomu. Nilikuwa nakuuliza, Fernand, huyu mwanaharamu ni nani, na wewe unaniambia Aili, kunywa kahawa yako."

"Nilitaka kusaidia. Mungu anajua nilitaka. Mngeshinda bila jina. Mngeshinda kwa zile picha za vifua tu! Kwa nini lazima jina?"

"Ulibeba jeneza la mume wangu."

"Nilimpenda Toivo."

"Ulibeba mbele, kulia. Nakumbuka, kwa sababu nilijisemea, angalau Fernand ana nguvu."

Odile akauliza lile lililobaki. "Jana ulikuja saa ngapi?"

"Kabla umeme haujakatika. Dakika tano tu." Fernand aliokota kofia yake. "Niliziangalia zile diski kwanza. Nilikaa nazo hapa. Nilifikiri nitabadilisha mawazo."

"Kesho saa tatu," Aili alisema. "Karatasi huna tena uwezo wa kuzirudisha. Lakini wewe upo. Utakaa mbele ya wale watu watatu wa baraza useme ulipimia wapi na nani alikutuma?"

"Watanila mzima."

"Kampuni?"

"Nyinyi," Fernand alisema. "Nyinyi wenyewe. Nitaishi wapi baada ya hapo, Aili? Nitanunua mkate kwa nani?"

"Sijakuuliza utanunua mkate wapi. Utasema, au hutasema?"

Alisimama pale, kofia mikononi. Halafu akatoa ufunguo wa chumba mfukoni, akauweka mezani kwa uangalifu, akapanda ngazi moja moja, kwa ule mgongo wake, mpaka mlango wa juu ukafungwa.

Odile alizigeuza diski zilizokufa chini ya taa. Kwenye bodi ndogo ya kila moja, karibu kabisa na plagi, palikuwa na kipande kidogo kama chembe ya mchele, kimepasuka na kuwa cheusi.

"Kilichoungua ni hiki, labda na kingine," alisema. "Sahani za ndani zinazobeba kumbukumbu huenda ni nzima. Kuna watu Toronto wanaoweza kuzifufua. Wiki tatu. Pengine nne. Siwezi kuahidi."

"Tumeshaahirishiwa mara tatu. Barua yao ya mwisho inasema hii ni ya mwisho."

"Nitakuandikia ripoti leo, na picha. Kwamba ni hujuma. Nitakuja nayo kesho niape."

"Itatosha?"

"Sijui," Odile alisema. "Siyo fomu."

Aili aliitikia kwa kichwa. Alikaa akiitazama ile orodha ukutani, kisha akavuta simu ya mezani karibu. "Kuna mmoja lazima asikie kutoka kwangu. Huguette. Mjane wa Rhéal, na Rhéal alikuwa mdogo wake Fernand. Fernand anakula kwake kila Jumapili tangu mazishi. Anamkatia kuni."

"Unaweza kungoja baada ya kesho."

"Kesho alitarajia kukaa karibu na Fernand ndani ya gari langu." Akabonyeza namba. "Huguette? Ni Aili. Umekaa? Hapana, kaa kwanza, mpenzi."

Alimweleza yote kwa mpangilio, bila kupandisha sauti: pawasaplai, waya, mlango wa hewa, namba. Odile alifunga mkoba wake taratibu ili vifaa visilie. Kisha kwenye simu sauti nyembamba ikauliza, wazi kiasi cha kusikika hadi upande wa pili wa meza:

"Na sehemu ya Rhéal mgodini? Hiyo nayo aliipima yeye?"

Aili alifumba macho. Alizijua fomu zile kwa moyo, mwaka kwa mwaka.

"Ndiyo," alisema. "Miaka yote saba."

Huguette hakukata simu. Aili naye hakuiweka chini. Aliishikilia sikioni kwa mikono miwili, akisikiliza yule mwanamke akipumua.